Siti binti Saad mbele ya baraza la Olbalbal

Swali lililofikishwa barazani ni hili: Siti binti Saad wa Unguja, aliyefariki tarehe 8 Julai 1950, alikuwa mtetezi wa wanyonge, au alikuwa mwimbaji hodari tu ambaye watu wa leo wanamvika harakati zao? Wapenzi wa taarab na walimu wa fasihi wamelizungumza siku nyingi, na kawaida huzungumzwa pwani, kati ya watu waliokua na sauti yake majumbani. Hapa limepelekwa mbali na bahari, Olbalbal, kata ya wafugaji iliyo bondeni chini ya nyanda za juu za Ngorongoro, mahali ambapo maji ya korongo la Oldupai hukomea mvua zikinyesha, na zikikatika vumbi hutawala. Limepelekwa huko kwa makusudi. Watu wa Olbalbal wanajua maana ya kuimba huku serikali inasikiliza.

Sauti ni nne, na hazina majina kwa kuwa kila moja inasimama badala ya wengi. Yupo mwalimu wa Kiswahili, mzaliwa wa Tanga, mwenye nyimbo za Siti kwenye simu. Yupo kijana wa Kimaasai anayesoma sheria chuo kikuu, amerudi nyumbani likizo. Yupo mama wa Kiiraqw kutoka Karatu, anayepandisha mahindi na maharage siku ya mnada. Kulima kumekatazwa ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, kwa hiyo unga unaopikwa Olbalbal hutoka kwa watu kama yeye. Na yupo koko, bibi wa wajukuu wengi, ambaye Kiswahili chake si kirefu lakini kila neno amelipima kabla hajalitoa. Kijana anapofika huinamisha kichwa, koko anamgusa utosini, ndipo anakaa.

Mwalimu ndiye anayefungua. Anaanza na Fumba, kusini mwa mji wa Unguja, alikozaliwa Siti karibu mwaka 1880, baba Mnyamwezi na mama Mzigua, watu wasio na kitu. Jina alilopewa mtoto huyo lilikuwa Mtumwa. Biashara ya kuuza watu ilikuwa imepigwa marufuku, lakini kumiliki mtumwa kulikuwa halali bado. Sheria ya kufuta utumwa Unguja ilikuja 1897, binti huyo akiwa msichana mkubwa. Kazi ya nyumbani kwao ilikuwa kufinyanga vyungu, na yeye ndiye aliyevitembeza kuviuza.

Hapo mama wa Karatu anamkatiza, maana kwake hilo si jambo la kupita juu juu.

"Ngoja kwanza, mwalimu. Vyungu anavibeba kwa miguu, mpaka mjini?"

"Kwa miguu, mama."

"Basi huyo mtu usimwanzie kwenye kuimba. Chungu hakibebeki kama mahindi. Gunia likianguka unazoa. Chungu kikianguka umerudi nyumbani na vigae, na anayekungoja ndani hajala. Ukitembea na chungu kichwani unajifunza kutazama chini na mbele kwa mara moja, shingo haichezi, pumzi unaigawa. Na lazima upige kelele wanunuzi wakusikie mlango wa tatu kabla hujafika wa kwanza. Sauti ya kuuzia ndiyo hiyo mnayoisifu."

Mwalimu anakubali. Wasimulizi wa maisha ya Siti wanasema hivyo hivyo: watu walimjua kwa sauti wakati anatembeza vyungu, kabla hawajamjua kwa kitu kingine chochote. Mwaka 1911 akahamia mjini. Ali Muhsin, mpigaji wa udi, akamfundisha, na baadaye akawa na wenzake katika kundi, wakiwemo Subeti bin Ambari, Maalim Shaaban, Buda bin Mwendo na Mbaruk Talsam.

Taarab ya wakati huo ilikuwa mali ya wakubwa. Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuileta kutoka Misri na kumpeleka Mohamed bin Ibrahim Cairo akajifunze kupiga kanuni. Kikundi cha Ikhwan Safaa kilichoundwa 1905 kilikuwa cha wanaume, na kiliimba Kiarabu. Aliyetoka mashambani, mwanamke, mtoto wa watu waliotumikishwa, akaja na kuimba Kiswahili, alikuwa anakaa kwenye kiti ambacho hakikuwekwa kwa ajili yake. Mabwana na mabibi wa mjini walimwita waimbiwe. Ng'ambo, mtaa wa makabwela ng'ambo ya mkono wa bahari, walimwita wao. Jina la Mtumwa likaachwa, likaja la Siti. Mnamo Machi 1928 yeye na kundi lake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya His Master's Voice, na hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki anayejulikana kumtangulia katika kazi hiyo.

"Sasa hapo ndipo ninaposhindwa kukufuata," kijana anasema. Anasema kwa adabu, lakini anaisema yote. "Mwalimu, umenitajia kasri, umenitajia kampuni ya Waingereza. Sultan Khalifa bin Harub alikaa kwenye kiti tangu 1911 mpaka 1960 chini ya ulinzi wa Uingereza, na Siti aliimba kwake. Santuri zilikuwa mali ya kampuni. Mtu anayewaburudisha wenye nguvu na kuwauzia wafanyabiashara sauti yake, mnamwita mwanaharakati kwa kipimo gani? Mimi mwanaharakati ninayemjua ni Moringe ole Parkipuny. Alitoka huku huku kwetu Ngorongoro, akasoma, akawa mbunge, na mwaka 1989 akasimama Geneva mbele ya kikao cha Umoja wa Mataifa kuhusu watu wa asili, akaeleza mambo ya Wamaasai na Wahadzabe kwa hoja. Hakuimba. Alisema, na yaliyosemwa yakaandikwa kwenye kumbukumbu. Hiyo ndiyo harakati."

Hoja hii ina uzito, na wanaompenda Siti hufanya vibaya wanapoipuuza. Siti hakuwa na chama, kwa sababu vyama vya siasa Unguja vilishika kasi baada ya yeye kufariki. Hakuandika risala. Hakuongoza maandamano. Ukichukua kipimo cha kijana, jina lake halimo kwenye orodha.

Mwalimu hajibu kwa maneno. Anawasha simu. Santuri ya zamani iliyorekodiwa upya hutoa kwanza mkwaruzo wa sindano, kama mchanga unaomwagwa kwenye karatasi, kisha udi, kisha fidla, ndipo sauti: kavu, ya juu, isiyobembeleza mtu. Upande mmoja wa santuri za miaka hiyo ulichukua kama dakika tatu. Kundi lililozoea kuimba usiku kucha huku wasikilizaji wakituza na kuomba ubeti urudiwe lilibidi likate shairi, liache beti, liseme neno na kufunga. Ndiyo maana nyimbo zile zina haraka ya mtu anayetoa ushahidi na kuambiwa muda wake umekwisha. Mwalimu amechagua wimbo wa Kijiti.

Kisa chenyewe anakieleza kwa Kiswahili cha leo, maana koko hakupata maneno yote. Mwanamke mgeni alikuja Unguja kutoka Dar es Salaam. Akachukuliwa matembezini na watu aliowaamini, pakanywewa pombe, na mtu aitwaye Kijiti akamfanyia unyama kisha akamuua. Kijiti mwenyewe akavuka bahari kukimbilia bara. Kesi ilipofika mbele ya jaji wa Kiingereza, wanawake waliokuja kusema walichokijua ndio waliotiwa hatiani, kwa habari ya ile pombe. Muuaji yuko bara, mashahidi wako jela.

Koko anauliza swali moja. "Mgeni aliuawa, na mwenye kuua hakuitwa?"

"Hakupatikana, koko."

"Na mashahidi wakafungwa."

"Wakafungwa."

Koko anasema na kijana kwa Kimaa, muda mrefu. Kijana anatafsiri: kwao damu ikimwagika, ukoo hukaa na ukoo, ng'ombe hutoka, na mwenye kosa hutajwa hadharani, hata kama amekimbilia mbali. Jambo kama hilo halimalizwi kwa kumfunga aliyeona. Halafu kijana mwenyewe, bila kuombwa, anaongeza lake. Katika sheria anayosoma, shahidi akigeuzwa mshtakiwa, hasara haiishii kwake. Mwanamke wa pili, wa tatu na wa kumi wataona na kunyamaza. Mahakama hiyo imewafundisha watu kutokuja.

"Basi umeshajibu swali lako mwenyewe, mwanangu," mwalimu anamwambia. "Jaji alifunga kesi. Aliyeifungua tena ni nani?"

Hapa ndipo mwandishi wa makala haya anaposimama upande wa mwalimu waziwazi. Wimbo wa Kijiti ulifanya kazi ambayo mahakama ile ilikataa kuifanya: ulimtaja mtuhumiwa kwa jina, ukawataja waliofungwa, ukaweka hukumu ya jaji mbele ya umma ili umma nao uihukumu. Na haukufanya hivyo kwa kunong'ona. Ng'ambo, nyumbani kwa Siti, watu walikusanyika usiku kusikiliza, na habari za mahakamani, za mitaani na za wakubwa walioanguka ziligeuzwa mashairi, zikajadiliwa, zikarudi mitaani. Upo wimbo wao mwingine unaomhusu karani mkubwa aliyekula mali za watu wasiojua kusoma, akaishia kifungoni na kazi ngumu. Kwa mtu anayetia dole gumba kwenye karatasi asiyoweza kuisoma, kusikia wimbo huo ni kuambiwa kwamba wizi wa kalamu nao ni wizi, na kwamba mwenye suti anaweza kufungwa.

Mwaka huohuo wa safari ya Bombay, 1928, watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojengea nyumba zao. Mwalimu hamdai Siti uongozi wa mgomo huo. Anachosema ni kwamba waliogoma na waliomsikiliza ni watu wa mtaa mmoja, na mtaa uliozoea kujadili hukumu za Mwingereza kwa mashairi usiku haukuona ajabu kumbishia mwenye kiwanja mchana.

Kijana hajasalimu amri. Anasema tofauti ya Siti na wanaharakati wasanii wa kweli ni gharama. Anamtaja Paul Robeson, mwimbaji na mwigizaji Mweusi wa Marekani, aliyejifunza Kiswahili London miaka ya 1930, akapigania haki za Weusi na za wafanyakazi, na mwaka 1950 serikali yake ikamnyang'anya pasipoti mpaka 1958. Anamtaja Miriam Makeba, aliyezungumza mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mwaka 1963 dhidi ya ubaguzi wa Afrika Kusini, nchi yake ikamfungia mlango, akakaa uhamishoni kwa zaidi ya miaka 30, na alipofariki Novemba 2008 huko Castel Volturno, Italia, alikuwa ametoka kuimba katika onyesho la kumuunga mkono mwandishi aliyetishiwa na wahalifu. "Hao walilipa," anasema. "Siti alilipa nini?"

Anayejibu ni mama wa Karatu, na anajibu kwa ukali kidogo.

"Nyie wasomi mnapenda mtu mpaka aumizwe ndipo mumwamini. Huyu mama alitukanwa sura, alitukanwa umaskini, alitukanwa asili yake. Mwalimu, si ndivyo ulivyosema?"

Ndivyo. Watu wa mjini waliokerwa na kupanda kwake walimfumba kwa nyimbo: hana sura, katoka shamba na vyungu vyake. Naye akajibu kwa wimbo uliotanguliza akili na tabia mbele ya uzuri wa uso, na jibu lake limeishi kuliko kejeli.

"Basi," mama anaendelea. "Halafu mnamlaumu kwa kuimba kasri. Mimi nauza mahindi kwa mzee wa boma, kwa mwalimu, kwa askari wa hifadhi. Nikichagua wa kumuuzia, watoto wangu Karatu hawasomi. La kuuliza ni kama alipotoka kasri aliwasahau wa Ng'ambo. Aliwasahau?"

"Hakuwasahau."

"Basi alifanya kazi yake, na alikula kwa kazi yake. Mwanamke anayejilisha mwenyewe mwaka huo wa 1928 mnadhani lilikuwa jambo dogo?"

Baraza linacheka, kijana naye anacheka, lakini anaandika kitu kwenye daftari. Ni haki kusema kwamba mama huyu ameona ambacho vitabu vingi vya uhakiki vimekipita haraka. Siti hakuwa na mume tajiri wala ukoo wa kumkinga. Koo lake ndilo lililomlisha. Mtu wa namna hiyo akiimba dhidi ya jaji, anahatarisha chakula chake, kwa sababu waliomwalika kuimba walikuwa karibu na waliotoa hukumu.

Kisha zamu inafika kwa koko, na mjadala unahama kutoka Unguja bila mtu kuuhamisha.

Koko anasema hamjui huyo Siti, lakini kazi yake anaijua. Anakumbusha Loliondo, kwa Wamaasai wenzao walio jirani. Baada ya maboma kuchomwa moto mwaka 2009, wanawake walikusanyika mwaka 2010 wakarudisha kadi za chama tawala. Wanaume walishangaa. Hakuna aliyezoea kuona wanawake wakikaa kikao chao juu ya ardhi. Lakini Wamaasai wanajua tangu zamani kwamba wanawake wakitoka kwa umoja, wakiimba, kwa sababu wamekosewa, hakuna mwanamume anayesimama mbele yao. Hiyo ni desturi, wala haikuanza na mashirika.

Halafu anafika Agosti 2024. Tangazo la serikali namba 673, la tarehe 2 Agosti, lilifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya Tarafa ya Ngorongoro kwenye orodha ya maeneo ya utawala. Watu wa bonde hili walijikuta hawana kijiji kwenye karatasi, na uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa unakuja. Tarehe 18 walitoka kwa maelfu wakajipanga kwenye barabara ya watalii iendayo Serengeti. Walikuwa na mabango, walikuwa na majani mkononi, ambayo kwa Wamaasai ni kuomba amani, na waliimba na kusali siku baada ya siku. Tarehe 22 Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha tangazo hilo. Desemba mosi Rais Samia Suluhu Hassan alikutana na viongozi wa Kimaasai jijini Arusha, akaahidi tume mbili, moja ya ardhi na nyingine ya zoezi la kuhama.

Mwalimu, ambaye ni mtumishi wa serikali na hataki upande wa pili ukosekane, anasema serikali nayo ina hoja yake: mwaka 1959, Hifadhi ilipoanzishwa na Wamaasai kuondolewa Serengeti, wakazi walikuwa kama 8,000, na sasa wamevuka 100,000, pamoja na mifugo yao, na kwamba kuhamia Msomera, Handeni, tangu 2022 kumeelezwa kuwa ni kwa hiari. Koko anamsikiliza mpaka mwisho. Anajibu kwamba hayo ameyasikia kwenye redio mara nyingi. Wimbo wao hajausikia redioni.

"Koko, lakini kilichosimamisha tangazo ni mahakama," kijana anasema kwa upole. "Ni karatasi iliyofunguliwa Arusha. Wimbo hausomwi kortini."

Koko anamtazama. "Karatasi ilifunguliwa na mtu mmoja. Alipata wapi moyo?"

Ndipo kijana anakaa kimya kwa muda, na anaporudi kuzungumza amebadilisha swali, jambo ambalo katika mijadala ni nadra na linastahili heshima. Anasema sasa anaona Parkipuny na Siti hawakuwa wakishindania kiti kimoja. Mmoja alipeleka maneno kwa wenye kuamua. Mwingine aliyaacha kwa wenye kuumizwa, ili wasiyasahau mpaka apatikane wa kuyapeleka. Lakini, anaongeza, kuna kinachomsumbua zaidi. Nyimbo za barabarani za 2024, nani alizitunga? Kila mtu aliimba. Hakuna jina.

Hapa mwalimu anawaka, maana ndilo somo lake. Siti tunamjua kwa sababu mbili, anasema. Ya kwanza ni santuri, ambazo ziliuzwa kwa makumi ya maelfu na kufika popote palipokuwa na gramafoni na Mswahili. Ya pili ni Shaaban Robert. Mwandishi huyo wa Tanga, aliyezaliwa 1909, alikutana na Siti aliyekuwa tayari mzee, akamsikiliza, na wasifu aliouandika ulitoka Siti akiwa ameshafariki. Kizazi baada ya kizazi cha wanafunzi wa Tanzania kimemjua binti wa Fumba kwa kalamu ile. Fikiria: mshairi mkubwa kuliko wote wa lugha hii, alipotaka kuandika maisha ya mtu, hakumchagua liwali wala sultani. Alimchagua mwanamke aliyeuza vyungu. Hilo nalo lilikuwa tendo la kisiasa, na labda ni la kwanza kufanywa kwa jina la Siti baada ya Siti mwenyewe.

Kutoka hapo urithi ukapanuka. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013 baada ya kuzunguka dunia nzima na ngoma yake ya msondo, alikua akimsikiliza Siti na akaimba nyimbo zake, Kijiti ukiwemo, mpaka uzeeni. Chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa 1987, kilipotafuta jina la gazeti la kutetea wanawake, kililiita Sauti ya Siti. Wanawake waandishi waliotaka kuandika habari za ubakaji na vipigo wakaona babu wa kazi yao si mhariri yeyote wa kizungu, ni bibi yao aliyeimba habari ya mgeni aliyeuawa.

"Kwa hiyo," kijana anasema, "bila santuri na bila Shaaban Robert, Siti angekuwa kama hao wa barabarani."

"Angekuwa kama hao," mwalimu anakubali. "Na Fumba ilikuwa na waimbaji wengine. Hatuwajui."

Kijana anatoa simu yake. Anapendekeza nyimbo za 2024 zirekodiwe, zitafsiriwe Kiswahili, ziandikwe kitabuni. Mama wa Karatu anaunga mkono mara moja na kuuliza bei ya kitabu itakuwa ngapi na fedha itakwenda wapi. Koko ndiye anayesita, na sababu yake inatoka kando ya barabara ileile.

Kwenye njia ya Serengeti yapo maboma ya utamaduni. Watalii hushuka garini, hulipa, vijana huruka, wasichana huimba na kutikisa shanga, picha hupigwa, gari huondoka. Wajukuu wa koko hufanya kazi hiyo. Fedha yake imelipa ada na imenunua mahindi ya huyu mama aliyekaa hapa. Koko hawalaumu. Lakini wimbo ukishaingia kwenye simu, anasema, hujui utatokea wapi. Hataki wimbo wa siku ile ya barabara uimbwe mbele ya mtu anayeulizia tu bei ya mkufu.

Ni kasri la Sultan Khalifa limerudi, safari hii na kamera, na kijana aliyemshitaki Siti kwa kosa hilo anajikuta ana wajibu wa kumtetea dada yake, mmoja wa wasichana hao. Anamtetea. Anasema dada yake aliimba kwa watalii asubuhi na alikuwa barabarani jioni, na koo ni lilelile. Anaposema hivyo anamtazama mama wa Karatu, naye mama anatikisa kichwa kama mtu aliyelipwa deni.

Wanajadiliana masharti mpaka jua linapokaribia kuzama. Koko anataka waliotunga watajwe wote, kila mmoja na ubeti wake, hata waliofariki. Anataka Kimaa kitangulie ukurasani na Kiswahili kifuate. Mama wa Karatu anataka fedha ya kitabu igawiwe hadharani siku ya mnada, mbele ya watu. Mwalimu anataka mwaka na mahali viandikwe juu ya kila wimbo, kwa kuwa amechoshwa na vitabu vya "nyimbo za kabila fulani" visivyo na mwenye kauli. Kijana anaandika yote, kisha anauliza kama kwenye nyimbo hizo yumo ofisa anayetajwa kwa jina.

Koko anasema yumo.

"Hilo likichapishwa," kijana anasema, "tunaweza kushitakiwa."

"Huyo wenu wa Unguja alimtaja Kijiti?"

"Alimtaja, koko."

"Basi andika," koko anasema, na anaanza kumtajia ubeti wa kwanza, polepole, akimngoja amalize kila mstari kabla hajatoa mwingine.